Mkasi wa Pupa

Bi Rukia amekufa, na mimi nilikwenda hitimani kwake, maana mtu haachi hitima kwa sababu ya chuki. Chuki huvaliwa ndani, juu yake unavaa buibui, unapanda ngazi. Nyumba yao iko Mkunazini, ghorofa ya kwanza, ngazi za mbao zinalia kila ukizikanyaga, na huko juu wanawake walikuwa wamebanana mikekani, misahafu imeshafungwa, wanamsifu maiti kama ilivyo ada. Mmoja akasema Bi Rukia alikuwa mtu wa twahara hata kikombe cha mgeni alikikosha mbele ya macho ya mgeni mwenyewe ili asiwe na shaka. Mwingine akasema, "Nani aliyepata kula kitu kichafu mkononi mwa Bi Rukia? Atokee aseme." Wote wakasema hapana, hakuna. Mimi nilikuwa nimekaa chini ya dirisha, mgongo ukutani, nikivitazama vidole vyangu. Ningeweza kutokea nikasema. Nina umri wa kutosha sasa, sina wa kumwogopa. Lakini maiti hasemwi mbele ya wanawe, na juu ya hayo nilikuwa na hasira, na mwenye hasira akianza kusimulia huiharibu hadithi yake mwenyewe. Basi naisema hapa, kwa utulivu ninaoupata, na si mwingi.

Mwaka ninaoukusudia ni ule mmoja niliofanya kazi Mbweni kwa Bi Klara, Mtaliana mtu mzima aliyestaafu kwenye hoteli moja ya Kiwengwa, akakodi nyumba karibu na magofu ya misheni. Wafanyakazi tulikuwa watatu. Bi Rukia alikuwa mpishi, mwanamke mrefu, mke wa mwalimu wa chuo cha Qur'ani, na jiko lile lilikuwa lake kuliko la mwenye nyumba. Mzee Haji wa Makunduchi alitunza bustani. Mimi nilikuwa msichana wa kufua na kupiga pasi, nimemaliza skuli, sijaolewa, na mdomo ninao. Wa nne alikuwa mbwa. Mbwa jike, mdogo, ungemweka ndani ya ungo akaenea, mweupe, nywele zimemfunika uso hata hujui wapi mbele wapi nyuma. Jina lake Pupa. Bi Klara alituambia kwamba kwao pupa ni mtoto wa bandia, kitu cha kupendwa. Kwetu sisi pupa ni pupa, na Bi Rukia alipomwona siku ya kwanza anabugia nyama bila kutafuna, alisema, "Jina limempata mwenyewe. Mwenye pupa hadiriki kula tamu." Hilo ndilo neno pekee la Bi Rukia nililowahi kulicheka kwa moyo safi.

Nywele za mbwa wa namna ile haziachi kuota. Zilimwingia machoni, macho yakawa yanatoa maji mchana kutwa, chini ya macho pakafanya mistari ya rangi ya kutu. Zile za mdomoni zilishika mchuzi na mate, zikanuka. Bi Klara alikuwa na maradhi ya kutetemeka mikono, kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili, na alijua kwamba yeye na mkasi wameshaachana. Kisiwa kizima hakikuwa na mtu wa kazi hiyo. Akatukusanya baraza ya nyuma, akatuomba kwa Kiswahili chake cha Kiwengwa: "Nani anasaidia Pupa? Haoni." Mzee Haji akacheka, akasema, "Mie Bi Klara nnakata majani tu." Bi Rukia akasema astaghfirullah, akarudi kwenye sufuria yake. Mimi nikamtazama yule mnyama. Asubuhi ile alikuwa amejigonga kwenye mguu wa meza yangu ya pasi, akarudi nyuma, akajigonga tena pale pale. Nikasema, "Mie nitamkata."

Si kwamba sikujua ninalolifanya. Nimelelewa katika madhehebu yetu haya haya, na kila mtoto wa Unguja anajua kwamba rutuba ya mbwa, yaani mate au unyevu wake, ikikugusa utakosha mara saba, moja kwa udongo. Nikamwuliza Mzee Haji, kwa sababu alikuwa msomaji na hakuwa na makuu. Alikuwa amechuchumaa anang'oa ndago. Akasema, "Kikavu kwa kikavu, mwanangu, hapana najisi. Matata yako kwenye majimaji. Umkate akiwa mkavu, na wewe mkono wako mkavu. Akikulamba, udongo umejaa tele hapa." Basi nikaweka beseni langu nyuma ya nyumba, karibu na bomba la bustani, na bakuli la udongo safi pembeni, na kila nilipomaliza kazi ile nilikosha mikono mara saba, nikihesabu kwa sauti ili jikoni wasikie. Walisikia. Hilo halikunifaa kitu.

Kazi yenyewe Bi Klara alinifundisha kwa maneno, yeye amekaa kitini mikono ameikalia, mimi nimesimama. Mbwa anawekwa juu ya meza, chini yake taulo ili miguu isiteleze, mahali penye mwanga wa mchana, na awe ameshakula, ameshatembezwa, amechoka kidogo. Tongo za machoni zinalowanishwa kwa pamba na maji ya vuguvugu, zinafutwa, kisha unangoja pakauke. Kwanza kitana, taratibu, kifundo kwa kifundo, maana ukikata nywele iliyosokotana hujui ngozi iko wapi. Mkono wa kushoto unamshika chini ya kidevu, kwenye taya, si kooni. Mkasi uwe mfupi wenye ncha butu, ulale sambamba na uso, usielekezwe jichoni hata siku moja. Zile nywele za katikati ya macho unaziinua kwa kitana, unakata zilizopita juu ya kitana tu, basi. Mdomoni unangoja afumbe, maana ulimi hutoka bila kupiga hodi. Ndevu zile ngumu chache za pembeni huzigusi, ndizo anazopapasia njia. Na kila kidogo unampa kipande cha kuku wa kuchemsha, unamwacha apumue. Sheria kubwa ya Bi Klara ilikuwa hii, nami naishika mpaka leo: uso ukihama, mkono usiufuate. Unasimama. Unangoja uso urudi wenyewe.

Siku niliyomaliza mara ya kwanza, Pupa alinitazama. Sijui niseme vipi, mimi si mtu wa kupenda wanyama, lakini nilikuwa sijawahi kumwona macho, na yeye hakuwahi kuniona mimi. Macho yake yalikuwa meusi kama mbegu za stafeli. Aliruka kutoka mezani, akapita katikati ya viti viwili bila kujigonga popote. Bi Klara akalia. Mimi nikaenda kwenye beseni langu nikahesabu mpaka saba, nikaingia jikoni kula, nimefurahi.

Jikoni tulikuwa tunakula sinia moja, chini, kwenye mkeka wa ukili: Bi Rukia, Mzee Haji, mimi. Siku ile ulikuwa wali wa nazi, mchuzi wa papa na mchicha. Nilipoinama kukaa, Bi Rukia akaninyooshea sahani ya bati, nyeupe yenye ukingo wa buluu, imebanduka rangi ubavuni. Akasema, "Wewe chakula chako kile. Na sahani hiyo utaikosha mwenyewe, utaitundika nje pale kwenye msumari, isiingie humu." Nilidhani ni mzaha. Nikamwambia nimekosha mara saba na udongo, Mzee Haji shahidi. Bi Rukia akamwaga mchuzi juu ya wali wa sinia. Nikachukua sahani nikakaa kwenye kizingiti, mgongo kwao, na wali ule nikauona mchungu kama shubiri. Nikawasikia nyuma yangu. Mzee Haji akasema kwa sauti ya chini, "Bi Rukia, mtoto kakosha. Sheria ishatimia." Naye akamjibu, kwa sauti ambayo haikuwa ya chini hata kidogo, "Mkono kakosha. Na roho ataikosha mara ngapi?"

Toka hapo ilikuwa vita. Watu hudhani chuki ni makelele; sisi tulichukiana kwa adabu. Asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo Bi Rukia," akanijibu "Marahaba" huku anapuliza moto. Nikipita na nguo zilizopigwa pasi alikunja buibui lake asije akanigusa. Nguo zake za sala, nilizompigia pasi kwa hiari yangu miezi mitano, sasa akawa anazibeba mwenyewe kurudi nazo mjini zimekunjika. Na mimi sikulala. Nilikuwa nikimkata Pupa baraza ya nyuma, mbele ya dirisha la jiko, hali palikuwa na mwanga mzuri vile vile upande wa pili. Niliimba. Nilimwita mbwa "mwanangu". Bi Rukia alipopiga kelele za vifuniko vya sufuria nilijua neno limemfika. Nikiyakumbuka sasa nacheka, lakini sisemi nilikosea. Mtu akikutoa kwenye sinia amekutoa kwenye watu, na mimi nilikuwa nataka kitu kimoja tu katika nyumba ile, nacho si sifa za Bi Klara wala kulambwa na Pupa. Nilikuwa nataka kurudi kwenye sinia. Nilingoja aniambie, "Zuhura, njoo ukae." Nilingoja siku baada ya siku, na kwa kuwa nilingoja ndiyo maana nilimchukia.

Ramadhani ikaingia. Tulikuwa tunafuturu pale pale Mbweni kabla ya kurudi majumbani, na Bi Rukia alikuwa akijaza bakuli moja amchukulie mumewe, Mwalimu. Jioni moja alipika changu wa kupaka, nazi nzito, harufu imejaa mpaka bustanini. Adhana ikasikika, tukafungua kwa tende, kisha mimi nikasogea na sahani yangu. Akaniwekea muhogo mkavu na chumvi. "Samaki kamalizika," akasema, na changu wamelala kwenye sinia mbele yangu, watano, ninawaona. Mzee Haji akataka kunimegea, Bi Rukia akamzuia mkono: "Mwache. Huyo kashiba nyama za mbwa." Nikala muhogo wangu kizingitini. Nilikula ninalia, na nilijificha nisionekane, na jambo hilo sikumsamehe kuliko yote.

Siku ya pili yake mchana nikampandisha Pupa mezani. Mkasi wangu ulikuwa ndani ya mfuko wake kama kawaida, umetundikwa barazani. Nikazichana nywele za chini ya jicho la kushoto, nikalaza mkasi, nikakata. Mkasi haukukata. Uling'ata, ukakwama na nywele ndani, na Pupa kwa maumivu akatupa kichwa. Mkono wangu haukumfuata, wallahi haukumfuata, lakini nywele zilikuwa zimeshikwa na makali, na kichwa kilipoondoka kiliuvuta mkasi. Damu ikatoka chini ya jicho. Pupa alilia kilio kimoja kirefu, Bi Klara akatoka ndani amepauka, na mimi nimesimama na kitu kile mkononi sikielewi. Daktari wa mifugo akaja, akashona pale chini ya jicho, akasema jicho lenyewe ni zima. Bi Klara alikuwa amempakata mbwa kwenye taulo. Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Zuhura, mimi nilikupa macho yake."

Nikaenda bombani na mkasi. Nikaufungua na kuufumba karibu na sikio: ukasaga. Penye msumari wa katikati, pale makali mawili yanapokutana, palikuwa pamejaa mchanga laini, wa kupondwa na maji. Nikauchokoa kwa njiti. Ukatoka mchanga, na nyuma ya mchanga likatoka gamba moja la samaki. Nikakaa chini. Nilielewa yote kwa mara moja, kama mtu aliyesomewa. Jana yake asubuhi nilimwona Bi Klara, na mikono yake ile ile, anauchukua mkasi ule kukatia pakiti ya maziwa; basi aliusahau jikoni. Bi Rukia akaukuta, akadhani ni wa nyumba, akawakatia changu mapezi. Baadaye, watu wameshakula, ndipo alipoona nywele nyeupe msumarini, akajua amekata futari kwa mkasi wa mdomo wa mbwa. Basi akafanya kile ambacho mtu wa kwetu yeyote angekifanya: akaukosha mara saba, moja kwa udongo. Akaurudisha kimya kwenye mfuko ule wa barazani. Chungu kinakoshwa kwa udongo kikatakasika, na bakuli pia, na mkono. Mkasi ukitiwa udongo unakufa, na hilo hakulijua, au hakujali.

Nilimwendea jikoni. Nikaweka gamba juu ya meza ya kukunia nazi. Alilitazama, na uso wake ukabadilika rangi, kisha akaufunga kama mlango. Nikamwambia, "Kamwambie Bi Klara umeukosha mkasi. Sitaki jingine." Akasema, "Kukosha ni kosa?" Nikasema, "Si kosa. Kamwambie hivyo hivyo." Akanisogelea, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi kusimama karibu nami. "Nikimwambia nimeukosha, ataniuliza kwa nini. Mzee Haji yupo pale, atasikia. Mwalimu kala mchuzi ule, kenda kusalisha tarawehe. Unataka niende nimwambie Mwalimu nilimlisha nini?" Nikamjibu, "Asiyejua hana dhambi. Mtoto wa chuoni analijua hilo." Akasema, "Watu hawasemi dhambi, Zuhura. Watu wanasema." Halafu akanigeuzia mgongo, akaendelea kukuna nazi. Nikaliokota gamba langu, nikatoka.

Bi Klara akatuita barazani sote. Nikamwonesha mchanga, nikamwambia si mimi niliyeutia. Akamwuliza Bi Rukia. Na Bi Rukia, mke wa mwalimu, amefunga, akasema kwa sauti laini kabisa, "Mimi sijui, Bi Klara. Mwenye kushika udongo kila siku ni huyu. Beseni lake lile kule." Wote wakatazama beseni langu na bakuli langu la udongo, nilivyoviweka pale kwa ajili yake, ili nirudi kwenye sinia lake. Mzee Haji akainamisha kichwa. Gamba nilikuwa nalo kiganjani, nimelifumbata. Ningelifumbua tu. Sikulifumbua, na si kwa wema, nisisifiwe. Nilimtazama Bi Rukia nikaona anakitazama kiganja changu, na shingoni mshipa unampiga, nikaona raha. Nikataka aishi hivyo. Nikataka kila akiniona mjini, sokoni, harusini, akitazame kiganja changu. Sikukuu ilinikuta nimeshaondoka Mbweni.

Nilikuja kupata kazi nyingine, na nyingine. Wageni waliongezeka kisiwani, na vimbwa vyao, na jina langu likazunguka: Mbweni, Kiwengwa, kote nimekata. Mkasi wangu nauvaa shingoni, na kabla ya kumgusa mnyama naufungua na kuufumba sikioni. Na Bi Rukia kweli aliishi hivyo. Tulikutana mara nyingi, mji wenyewe ni huu huu, vichochoro vinakulazimisha kupishana bega kwa bega. Alikuwa akinipa mkono, macho yake yanashuka. Nilidhani nimeshinda.

Kisha hitima. Masinia yakaletwa, pilau, wanawake wakaanza kujigawa wanne wanne. Nikasogea kwenye sinia lililokuwa karibu yangu. Mwanaidi, binti yake mkubwa, mtu mzima naye, ana wajukuu, akaja mbio akanishika bega. "Shikamoo Bi Zuhura. Ngoja kidogo. Wewe chakula chako mbali, mama kausia." Akanipa sahani. Ya bati, nyeupe, ukingo wa buluu, imebanduka ubavuni. Ilikuwa imejaa pilau, na juu yake wamelaza changu mzima. Nikasema, "Hii ilikuwa wapi?" Akasema, "Ukutani, msumarini peke yake, toka mie mtoto. Hatukuruhusiwa kuigusa. Tukimwuliza husema hii ndiyo sahani safi kuliko zote za nyumba hii, ya Bi Zuhura, akija ale humo. Mara ya mwisho kasema hivyo Ijumaa, sauti ishamkauka." Wanawake wakasema mashaallah. Yule aliyeuliza nani kala kichafu akasema, "Si unaona alivyokupenda?"

Ni mimi peke yangu niliyesikia alichokisema Bi Rukia kwa sahani ile. Jioni ile ya changu, watu wote wa nyumba walikula kilichokatwa kwa mkasi ule, na Mwalimu naye huko mjini, na yeye Bi Rukia mwenyewe. Sahani moja tu haikuingia najisi, ile ya muhogo na chumvi. Alijua. Aliitoa kule nje, akaileta nyumbani kwake, akaitundika anapoiona kila siku, na kwa umri wote huo hakupata nafasi ya kupanda ngazi za kwangu akasema neno moja. Akangoja afe. Akanitumia mtoto asiyejua kitu, mbele ya watu, mahali ambapo siwezi kumjibu. Wengine wangelia. Mimi hasira ilinipanda upya, mbichi, kama ya kizingitini. Nilikuwa nimetaka sinia, naye ameniachia sahani.

Nikamwambia Mwanaidi Mungu amrehemu mama yake, na nikamaanisha. Nikamimina pilau yote juu ya sinia, na changu, sahani nikaifudikiza mkekani nyuma yangu. Nikawaambia wale wanawake watatu, "Nisogezeeni nafasi." Wakasogea. Mwanaidi akaniinamishia birika. Nikanawa mkono, mara moja tu, nikautia kwenye sinia.